Damu ya Mdogo Wangu Inaombwa kwa Utafiti

SWALI: Daktari, shikamoo. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 34 na hajawahi kuvuta sigara. Alikohoa kwa muda mrefu, akatumia dawa za kifua kikuu miezi sita bila nafuu, hadi alipokatwa kinyama kikapelekwa maabara na kuonekana ana saratani ya mapafu. Sasa watafiti wanamwomba damu na sehemu ya kinyama kile wachunguze vinasaba. Yeye amekubali. Baba mkubwa amekataa katakata, anasema damu ya ukoo haipewi watu tusiowajua, na mama anauliza kama utafiti huo utamponya. Mimi ndiye ninayemuuguza. Tufanyeje?
Dada wa mgonjwa, Uyole, Mbeya

JIBU: Marahaba, na pole sana kwa kuuguza. Naanza na swali la mama, kwa kuwa ndilo ambalo watafiti wengi hulijibu kwa maneno ya kuzunguka: hapana, kutoa damu kwa utafiti wa vinasaba hakumponyi mtu. Majibu huweza kuchukua miaka, na huenda asiletewe kabisa.

Hata hivyo, sababu ya kumtafuta ipo. Saratani ya mapafu huwapata zaidi wazee, na anayeupata kabla ya miaka 40 bila kuvuta sigara huwafanya wanasayansi wajiulize kilichotokea ndani ya seli zake. Huko Marekani ulianzishwa mwaka 2014 utafiti wa wagonjwa wa umri huo peke yao. Tangu mwaka 2004 ilikwisha kujulikana kwamba baadhi ya saratani za mapafu huendeshwa na badiliko katika jeni, yaani kipande cha vinasaba, iitwayo EGFR, na mwaka 2007 likajulikana jingine katika jeni ya ALK. Mabadiliko haya huonekana zaidi kwa wasiovuta sigara, na vipo vidonge vinavyoyalenga moja kwa moja, ingawa bei yake ni kubwa.

Kwa hiyo, kabla hajaweka sahihi, mwulizeni daktari anayemtibu: je, kinyama hiki kimekwisha kupimwa EGFR na ALK kwa ajili ya matibabu yake? Kipimo hicho ni haki ya tiba, na kisingoje utafiti. Kinyama cha mapafu huwa kidogo mno, pengine chembamba kama njiti ya kiberiti, nacho huhifadhiwa ndani ya bonge dogo la nta na kukatwa vipande vyembamba kila kinapohitajika. Kikitumika chote kwa watafiti, huenda mgonjwa akalazimika kuchomwa sindano ya kifua tena ili kitolewe kingine. Nisingekubali mdogo wangu mwenyewe aweke sahihi kabla ya kuhakikishiwa kwamba kilichobaki kinatosha.

Nakuja kwa baba mkubwa, ambaye hoja yake ina mashiko kuliko anavyojua. Watafiti huomba vitu viwili, damu na kinyama cha uvimbe, ili walinganishe. Badiliko lililomo kwenye uvimbe peke yake lilizuka ukubwani, halikutoka kwa wazazi wala halitawafikia watoto, na yaliyo mengi katika saratani ya mapafu ni ya namna hiyo. Likionekana pia katika damu, ile inayochukuliwa kwenye kichupa chenye kifuniko cha zambarau, basi huenda ni la kurithi, na hapo damu ya mmoja itakuwa imetoa habari za ndugu zake wote. Hutokea kwa nadra, lakini hutokea. Mgonjwa mwenye akili timamu ndiye mwenye ridhaa, wala baba mkubwa hawezi kumwekea sahihi au kumzuilia. Ila ningependa aketi nao siku fomu inaposomwa, aulize mwenyewe kama ukoo utaelezwa likipatikana jambo la kurithi, na nani atawaeleza.

Aulize pia kibali cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, yaani NIMR, ambayo ina kituo chake hapo hapo Mbeya. Sampuli zikipelekwa nje ya nchi, lazima kuwe na mkataba wa kuzisafirisha unaosema zitafanyiwa nini. Jina la mgonjwa linapaswa kubaki kwa watafiti wachache, na kwenye kichupa iandikwe namba. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za vinasaba kuwa nyeti. Fomu iwe ya Kiswahili, na abaki na nakala yake.

SWALI: Nilipasuliwa uvimbe wa pafu ukiwa bado mdogo, nikatoa damu kwa utafiti. Sasa moyo unasita. Naweza kujitoa bila kuchukiwa kliniki?
Msomaji, Makambako

JIBU: Unaweza, tena bila kueleza sababu, na matibabu yako hayapaswi kuguswa. Tumia namba ya simu iliyo kwenye fomu ya ridhaa, kisha uandike barua ukiomba damu iliyosalia iteketezwe. Matokeo yaliyokwisha kuchanganywa na ya washiriki wengine hayawezi kutolewa tena. Tarehe za kurudi kliniki kupigwa picha ya kifua usiziache, kwani hizo ni za matibabu yako na hazikuwa sehemu ya utafiti.