Kwa nini madoa ya lipidi yanashuka mchana?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni fundi sanifu wa maabara hapa Moshi. Tunachunguza mafuta ya parachichi kwa pleti za silika (kromatografia ya tabaka jembamba: kiyeyusho hupanda kwenye pleti na kuzitenganisha lipidi, yaani aina za mafuta, kuwa madoa). Kiyeyusho chetu ni heksani, etha na asidi asetiki kwa uwiano wa 80:20:1, na madoa tunayaonyesha kwa mvuke wa iodini. Pleti ya asubuhi hutoka safi kabisa. Ya mchana, kwenye tangi lile lile, madoa yote yanaishia chini kuliko ya asubuhi, na asidi mafuta huru (zisizofungwa ndani ya mafuta) inaburuza mkia mpaka inafunika steroli (lipidi za jamii ya kolesteroli). Pleti zote ni za boksi moja. Kosa liko wapi? Na je, kwa pleti hizi naweza kujua oleiki, moja ya asidi mafuta za parachichi, ni kiasi gani?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Boksi la pleti liache, halina kosa. Kilichomo tangini saa nane mchana si 80:20:1 tena. Kimepoteza vitu viwili, kila kimoja kwa njia yake.

Cha kwanza ni etha. Usawa wa bahari etha huchemka kwa nyuzi 34.6. Moshi ipo mita 800 hadi 900 juu ya bahari, kanieneo ya hewa imepungua, kwa hiyo hapo kwenu huchemka kwenye nyuzi 31 hivi. Hapa Arusha, kwenye karibu mita 1,400, ni kama 30. Mchana wa Februari chumba chenu kinafika joto hilo bila shida. Kila mfuniko unapofunuliwa, etha inaondoka na heksani inabaki. Heksani peke yake haina nguvu ya kuzing'oa lipidi kwenye silika, ndiyo maana madoa yote yanashuka kwa pamoja.

Cha pili ni asidi asetiki, na hii haipotei kwa mvuke, kwani huchemka kwa nyuzi 118. Inamezwa na silika. Kila pleti inayotumika huing'ang'ania asidi kwa nguvu kuliko heksani, na kwenye mililita 101 za kiyeyusho uliweka mililita moja tu. Baada ya pleti mbili tatu iliyobaki haitoshi. Kazi ya asidi hiyo ni kuzuia asidi mafuta zisiachie protoni zao. Zikiachia, zinapata chaji, zinanata kwenye silika na kuburuza. Huo ndio mkia unaouona, na ukiuona siku nyingine anza kuishuku asidi kabla ya kitu kingine chochote.

Kwa hiyo usitunze kiyeyusho. Changanya kipya kwa kila pleti, au angalau kwa kila tangi la asubuhi na la mchana. Heksani mililita 80 na etha 20 pima kwa silinda, lakini asidi mililita 1 ipime kwa pipeti, maana silinda kubwa haiwezi kukupa mililita moja ya kuaminika. Etha ipoe kabla ya kupimwa. Usiiweke kwenye friji ya kawaida ya nyumbani: swichi na taa za ndani hutoa cheche, na mvuke wa etha hulipuka. Kama hamna friji ya kemikali, fanyeni kazi hii kabla ya saa nne asubuhi. Chupa ya etha iliyofunguliwa miezi mingi iliyopita ipimwe kwanza peroksidi, kemikali inayojengeka etha ikikutana na hewa. Mbali na hatari ya mlipuko, peroksidi huoksidisha zile zile asidi zenye vifungo maradufu (kaboni mbili zilizoshikana kwa vifungo viwili) unazozitafuta.

Tangi nalo lishibe mvuke. Zungushia karatasi ya kuchujia ukutani kwa ndani, mimina kiyeyusho kifike kina cha nusu sentimita hivi, funika, subiri dakika 30. Mstari wa kuanzia uwe sentimita 1.5 kutoka chini, usizame. Tangi lisiloshiba hufanya madoa ya pembeni yapande kuliko ya katikati, na mtu hudhani sampuli zinatofautiana.

Masika yakianza utakutana na tatizo la kinyume, na hapo tazama mwelekeo. Madoa yakishuka, etha imepungua. Yakipanda yote na kusongamana juu, silika imenyonya unyevu wa hewa na imelegea. Dawa yake ni oveni: nyuzi 110 kwa dakika 30, kisha pleti ipoe ndani ya desiketa (chombo kilichofungwa chenye dawa ya kunyonya unyevu) na itumike mara moja. Shika kingo tu. Mafuta ya vidole hupanda kwenye pleti kama sampuli nyingine yoyote.

Mpangilio sahihi kutoka chini ni huu: fosfolipidi hazisogei, monogliseridi zinafuata juu kidogo tu, halafu digliseridi na steroli karibu karibu, asidi mafuta huru, trigliseridi (ndiyo mafuta yenyewe, asidi mafuta tatu kwenye gliseroli moja), na mwisho kabisa esta za steroli na haidrokaboni. Fosfolipidi ukitaka kuzitenganisha zenyewe kwa zenyewe, badili kiyeyusho uende kwenye kloroformu, methanoli na maji kwa 65:25:4.

Sampuli: yeyusha mafuta miligramu 10 kwa mililita moja ya kloroformu, weka mikrolita 5 kwa matone madogo madogo ukiacha kila tone likauke. Hapo una mikrogramu 50. Kama asidi mafuta huru ni asilimia 1, doa lake lina nusu mikrogramu tu, na litakuwa hafifu. Ukiongeza mzigo ili ulione, trigliseridi zitavimba na kulisukuma. Weka sampuli sehemu mbili kwenye pleti moja, moja mzigo mdogo na nyingine mzigo mkubwa. Kama unachotaka ni asilimia ya asidi huru pekee, titresheni (kupima asidi kwa kuidondoshea alkali) kwa potasiamu haidroksaidi ni rahisi na sahihi zaidi kuliko pleti yoyote.

Na kabla hujalaumu mafuta kwa asidi nyingi, angalia tunda lilivyoshughulikiwa. Nyama ya parachichi iliyopondwa na kuachwa mezani inaendelea kuvunja trigliseridi kwa vimeng'enya vyake. Kama mnakamua wenyewe kutoka kwenye tunda, liingize kwanza kwenye isopropanoli ya moto, nyuzi 75 kwa dakika 15, ndipo mwendelee na kloroformu na methanoli kwa 2:1.

Iodini inafaa kwa kuangalia, haifai kwa kupima. Hushika zaidi kwenye vifungo maradufu, kwa hiyo asidi zilizoshiba, zisizo na vifungo hivyo, huonekana chache kuliko zilivyo. Ili kulinganisha kiasi, chovya pleti kwenye salfeti ya shaba asilimia 10 ndani ya asidi ya fosforiki asilimia 8, kausha, kisha choma oveni kwa nyuzi 140 hadi 180 kwa takriban dakika 10. Weka pembeni triolini (trigliseridi safi ya kulinganishia) ya mikrogramu 1, 2, 5 na 10 kwenye pleti ile ile, kamwe si kwenye pleti ya jana.

Kuhusu oleiki: hapana, pleti hii haiwezi. Silika tupu hutenganisha aina za lipidi, haisomi urefu wa mnyororo. Unaweza kusogea hatua moja kwa kugeuza mafuta kuwa esta za methili na kutumia pleti iliyoloweshwa nitrati ya fedha, ikatunzwa gizani. Hapo esta zilizoshiba hupanda juu, zenye kifungo maradufu kimoja hufuata, zenye viwili hivyo hubaki chini zaidi. Lakini fedha inahesabu vifungo maradufu tu. Palmitiki na steariki zitakaa doa moja, na oleiki itakaa pamoja na palmitoleiki, ambayo parachichi inayo. Namba kamili itatoka kwenye gesi kromatografia. Sampuli ya kupeleka huko iwe kwenye heksani, ndani ya kichupa cha kioo chenye kifuniko cha teflon, kwa sababu vilainishi vya plastiki huyeyuka humo na kutokea kama kilele ambacho hakimo kwenye parachichi.