Deni la mtu wa bara kwa kasa

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza kama mwananchi wa kawaida anapaswa kuchangia ili kituo cha kuokoa kasa na viumbe wengine wa baharini kisifungwe kwa kukosa fedha, au jambo hilo waachiwe serikali na wafadhili. Nililisoma kwa sauti kazini hapa Dodoma, na mwenzangu mmoja akajibu papo hapo kwamba watu wa bara hatudaiwi kitu na bahari. Tunadaiwa. Mvua inayosomba makorongo yetu huingia Mto Kinyasungwe, ambao maji yake huishia Wami na kumwagika baharini Saadani, ambako kasa wa kijani hutaga mayai katika ufukwe wa Madete. Maji ya Mtera, tunakopata perege na kambare, hushuka na Ruaha Mkuu hadi Rufiji, ambayo delta yake inatazamana na Mafia. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019, lakini chupa bado zinatupwa korongoni, na njia ya kwenda kule ziko nayo.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba tuchangie. Linalonisumbua ni tuchangie nini.

Mpwa wangu aliwahi kufanya kazi katika kituo cha aina hiyo pwani, nami nilimtembelea. Jioni moja alipigiwa simu na mvuvi aliyenasa kasa kwenye jarife, tukakodi bajaji hadi mwaloni. Tulimkuta mnyama amelazwa kando ya ngalawa, amefunikwa gunia lililoloweshwa maji, na nyuzi za wavu zimezama katika pezi la mbele hadi nyama ikaonekana. Mvuvi, mtu mzima wa makamo, alikuwa ameukata wavu wake mwenyewe ili amtoe, na wavu huo ndio unaomlisha. Mpwa wangu alimwamkia, akampa fedha kidogo za nyuzi za kushonea, akaandika jina lake katika daftari lililolowa pembeni. Yule mzee akasema, “Msipokuwepo nyie, mwanangu, nimpigie nani?”

Kituoni kasa aliwekwa kwanza katika maji baridi, yasiyo na chumvi, ili viumbe vyenye magamba vilivyomganda mgongoni vife na kuachia. Katika bwawa la pili nilimwona mwingine aliyekuwa ameshindwa kuzama: tumbo lilijaa gesi kwa sababu ya plastiki aliyoimeza, akawa anaelea sehemu ya nyuma ikiwa juu, anapiga mapezi, anazamisha kichwa, kisha maji yanamrudisha. Kasa wa namna hiyo anaweza kutunzwa kwa miezi, na muda wote huo pampu haipumziki.

Usiku ule ule LUKU ilikaribia kuisha, na mpwa wangu akanunua umeme kwa fedha za mfukoni mwake. Mlinzi alikuwa akidai mishahara. Pembeni lilisimama tangi jipya la mfadhili, lenye bango lake, ambalo fedha zake hazikuruhusiwa kugusa umeme wala mshahara wa mtu. Michango ya wananchi nayo ilifurika kila ilipotolewa picha ya kasa aliyejeruhiwa, kisha ikakauka. Sisi tunachangia harusi na misiba kwa moyo kwa sababu ina siku yake. Sijaona kamati iliyokaa kuchangia LUKU ya mwezi ujao.

Ninapoandika haya, msimamo wangu wa kutaka kituo kibaki wazi kwa gharama yoyote unalegea. Fedha zisipotosha, afadhali mabwawa yafungwe, ibaki simu inayopokelewa usiku, daftari, fedha ya nyuzi na daktari wa mifugo wa kuitwa. Kule Watamu, Kenya, shirika la Local Ocean Conservation hupokea taarifa za wavuvi walionasa kasa kwa bahati mbaya, na wengi wa kasa hao, wakiwa wazima, hupimwa na kurudishwa baharini bila kulazwa. Kasa wa kijani huchukua miaka 20 au zaidi kabla ya kutaga kwa mara ya kwanza, kwa hiyo kila mkubwa anayetolewa wavuni akiwa hai ni faida isiyopatikana haraka kwa njia nyingine.

Hata hivyo, siwezi kusema yule anayeelea aachwe afe. Mabwawa yasifungwe kabla wagonjwa hawajapata pa kuhamishiwa. Wala simaanishi serikali ijitoe, kwani inatoza viingilio katika hifadhi za bahari kama ile ya Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, na kasa wanalindwa na sheria.

Kwa upande wangu nitatoa kidogo kila mwezi, mradi hesabu zionyeshwe na fedha hizo ziruhusiwe kulipa mlinzi na umeme. Kama kituo mnachokizungumzia kinachangisha ili kijenge jengo jipya la wageni, mimi simo.