Nilimlaani chura ambaye hayupo

Swali lenu la wiki linauliza: kati ya chura wa korongo la Kihansi na ndege kanga, yupi awe fahari yetu? Mimi najiuliza yupi amewahi kunifaa.

Mwaka 2006, enzi za mgao wa umeme, nilikuwa kinyozi Tandika. Siku umeme ulipokatika nimemnyoa mteja upande mmoja tu, nikakopa nikanunua jenereta ya mtumba. Mama mwenye nyumba alifuga kanga sita, wakilala juu ya mwembe. Usiku mmoja, giza totoro, wakalipuka kwa kelele. Nikatoka na bukta na tochi. Jenereta ilishafungwa kwa mpira kwenye kerea ya baiskeli, bado ina joto la jioni. Jamaa akatimua mbio, akaacha baiskeli na ndala moja ya bluu, ya kushoto. Mama aliitundika getini wiki nzima, na kila mpangaji wa kiume akipita anaangaliwa miguu. Mimi pia, mwenye mali!

Mchana kijiweni tulimlaani chura: eti Kihansi kuna mitambo ya umeme ya megawati 180, halafu maji wanamwagiwa vyura. Kwa hiyo kura yangu kanga. Nilishaandika hivyo, nikaanza kusita.

Maana mwaka ule chura mwenyewe hakuonekana tena korongoni. Mto ulipoelekezwa kwenye mitambo, manyunyu ya maporomoko yakakauka. Wakaweka mabomba ya kunyunyizia, lakini ugonjwa wa kuvu nao ukaingia. Waliosalia walikuwa Marekani, uzao wa vyura 499 waliochukuliwa mwaka 2000. Hadi 2010 ndipo baadhi wakaletwa Chuo Kikuu, Mlimani. Tulikuwa tunamsema mtu aliye ughaibuni.

Na kanga, tusidanganyane, si mlezi. Jike la pale uani lilipitisha vifaranga kwenye majani yenye umande, wakafa kwa baridi mmoja mmoja, lenyewe halikugeuka. Yule chura, mdogo kuliko kidole gumba, hatagi. Huzaa vichura kamili, na bila unyevu haishi.

Basi fahari mpeni chura, ingawa sijawahi kumwona, na ukinikuta siku umeme umekatika naweza kukana. Kanga wapo kila pori. Wangu wanne wapo hapa uani, na jirani ameshalalamika mara mbili.

Msomaji, Chamazi