Kisanduku kimoja cha kupimia redio, taa za sola na TV: maswali na majibu

SWALI: Habari za kazi, fundi. Ninatengeneza redio, taa za sola na TV za bapa. Mita yangu ya dijiti ni DT830 ya kawaida: mlio wake unachelewa, haiwashi LED nyeupe, na zena (dayodi inayoshikilia volti maalumu) iliyofutika namba siwezi kuijua ni ya volti ngapi. Nimejaribu kuunganisha betri mbili ndogo na baza kwenye waya mbili, lakini inalia hata kwenye dayodi nzima. Naweza kujitengenezea kifaa kimoja cha kazi hizi zote? Naomba vipimo kamili.

JIBU: Salama, fundi. Unaweza, na gharama yake si kubwa. Tuanze na baza yako. Betri mbili zinaweka volti 3 kwenye ncha za waya za kupimia, na dayodi ya silikoni hufunguka ikipata takribani volti 0.6. Kwa hiyo kila dayodi na kila transista iliyo njiani inapitisha umeme, na wewe unadhani umepata shoti. Isitoshe, mkondo wote wa baza unapita ndani ya kitu unachokipima. Dawa yake ni kuweka kwenye ncha volti ndogo isiyoweza kufungua dayodi, kisha chipu iamue kama baza ilie au la.

Chanzo cha umeme kiwe seli moja ya lithiamu ya 18650. Iliyotolewa kwenye betri ya laptop inafaa, mradi haijashuka chini ya volti 2; ikishuka hapo iache, hata kama inakubali chaji. Usilehemu waya moja kwa moja kwenye seli, tumia kishikio. Ya kuchajia ni moduli ya TP4056, na uchague yenye matundu sita: mawili ya kuingiza, B+ na B- za seli, OUT+ na OUT- za mzigo. Yenye matundu manne haina ulinzi wa shoti wala wa kuishiwa chaji. Ukishafunga seli ukakuta OUT haina kitu, usiharakishe kuitupa. Chomeka chaja sekunde chache, ulinzi utaamka. Baada ya OUT+ weka swichi ya kuwasha na kuzima. Kuanzia hapa, nikisema chanya ni baada ya swichi hiyo, na hasi ni OUT-.

Ncha nyeusi inabaki kwenye hasi siku zote. Ncha nyekundu inapitia swichi ya kuzungusha yenye nafasi nne.

Nafasi ya kwanza ni kontinuiti, yaani kupima kama njia ya umeme imeungana, na ndiyo utakayoitumia zaidi, kwa hiyo ifunge kwa utulivu. Kutoka chanya weka rezista ya kilo-omu 1 hadi sehemu tutakayoiita A, na kutoka A hadi hasi weka omu 68. Seli ikiwa na volti 4, A itakuwa na takribani volti 0.25, na ncha zikigusana mkondo ni miliampea 4 tu. A inakwenda kwenye ncha nyekundu kupitia fyuzi ya ampea 0.25. Kati ya A na hasi weka dayodi mbili za 1N4007 zinazotazamana kinyume. Kwa volti 0.25 ni kama hazipo, lakini ukigusa kapasita yenye chaji zinaimeza na fyuzi inakatika badala ya chipu.

Chipu ni LM393, inayolinganisha volti mbili. Pini 8 chanya, pini 4 hasi, na kapasita ya nanofaradi 100 kati yake, karibu na chipu. Pini 3 inatoka A kupitia kilo-omu 1. Pini 2 inatoka mguu wa kati wa preseti (rezista ya kuzungusha kwa bisibisi) ya omu 500, ambayo mguu wake mmoja uko hasi na mwingine unakwenda chanya kupitia kilo-omu 10. Pini 1 inakwenda beisi ya transista ya PNP kupitia kilo-omu 4.7. Emita kwenye chanya, kilo-omu 10 kati ya beisi na emita, kolekta kwenye baza kisha hasi. Sambamba na baza weka LED nyekundu na omu 470, itakufaa penye kelele. Pini 5 na 6 zipeleke hasi, 7 iache wazi. Baza iwe ile inayolia yenyewe ikipewa umeme wa DC, ya volti 3 hadi 5. Kuna nyingine inayofanana nayo kwa sura ambayo inatoa “tik” moja na kunyamaza.

Kuitegesha: shika rezista ya omu 22 kati ya ncha, zungusha preseti mpaka baza ianze tu kulia. Kisha jaribu omu 47, inapaswa kunyamaza. Kipimo hiki hakihami seli ikishuka chaji, kwa kuwa pini 2 na pini 3 zote zinagawa volti ya seli ileile.

Ikilia ncha zikiwa wazi na kunyamaza zikigusana, umebadilisha pini 2 na 3. Ikinung’unika muda wote kwa sauti hafifu, angalia ile kilo-omu 10 ya beisi na emita. Na kosa la kawaida kuliko yote ni miguu ya transista: ukitazama uso bapa, BC557 kutoka kushoto ni kolekta, beisi, emita, lakini S8550 ni emita, beisi, kolekta. Zote mbili zinafaa, ila huwezi kuchomoa moja ukachomeka nyingine vilevile ilivyokaa.

Baza ikilia si lazima iwe shoti. Spika ya omu 8, koili, na laini ya kulisha prosesa kwenye bodi ya laptop zote ziko chini ya omu 22 zikiwa nzima kabisa. Hapo ndipo DT830 kwenye omu 200 inapotoa hukumu.

Nafasi ya pili ni rahisi: chanya ya seli kupitia omu 330. Hii inawasha LED moja ya rangi yoyote, nyeupe ikipata kama miliampea 3 hadi 4. Ukiigeuza kinyume haidhuriki, kwani volti 4 iko chini ya volti 5 ambazo LED nyingi huruhusiwa kupewa kinyume. Kwa taa za sola hii peke yake inamaliza nusu ya kazi. Inapima pia kiunganishi cha mwanga cha PC817 kilichochomolewa kwenye pawa saplai: ncha nyekundu pini 1, nyeusi pini 2, huku DT830 ikiwa kwenye omu, waya wake mwekundu pini 4 na mweusi pini 3. Usomaji ushuke ghafla kila ukigusa. Usiposhuka, kitupe.

Nafasi ya tatu ni ya zena na taa za nyuma za TV. Hapa unahitaji moduli ya kupandisha volti MT3608, iliyotegeshwa volti 26. Usiikaribishe 28, huo ndio mpaka wake. Itegeshe kabla ya kuifunga: preseti yake ni ya mizunguko mingi, na mara nyingi huoni badiliko lolote mpaka umezungusha sana kinyume cha saa, ndipo volti zinaanza kupanda. Toleo lake lipite kwenye rezista ya kilo-omu 4.7 ya nusu wati. Hata ncha zikigusana mkondo hauzidi miliampea 5.5, na hakuna kinachochemka. Usiiache rezista hiyo ukidhani moduli itajilinda: njia ya koili na dayodi ndani yake iko wazi moja kwa moja kutoka seli, shoti inapita. Chanya inayoingia MT3608 ipitishe kwenye swichi ya kubonyeza, ili volti 26 zipatikane ukibonyeza tu. Ukiachia, subiri sekunde chache kapasita yake ishuke.

Kwa zena, upande wenye mstari uwe kwenye ncha nyekundu, DT830 ikiwa sambamba kwenye DC 200. Ikisoma 12, ni zena ya 12. Ikisoma 0.7 umeigeuza; 0 ni shoti; 26 ama imekatika ama volti zake zinazidi uwezo wa kisanduku. Karibu na 20 na kuendelea tarajia isome chini kidogo, kwa kuwa mkondo uliobaki ni mdogo.

Kwa mstari wa taa za TV, LED moja ni ya volti 3 au 6, ndogo hizi huwezi kuzitofautisha kwa macho. Mstari wa LED nane za volti 3 utawaka kwa mwanga hafifu, na huo unatosha. Za volti 6 pima nne nne kwa kugusa pedi zake. Mstari wote ukiwa giza kuna iliyokatika, ipate kwa kwenda moja moja kwa nafasi ya tatu. Moja ikiwa giza huku wenzake wanawaka, hiyo ina shoti. Nafasi hii isiguse bodi ya simu wala ya laptop hata kidogo. Chipu za laini ya volti 1.8 hazina simile na volti 26, na kwa bodi hizo hata nafasi ya pili ni kubwa. Kwa simu baki na ya kwanza.

Nafasi ya nne ni kitoa mlio cha kufuatilia redio na amplifaya: transista mbili za BC547 zinazopokezana, emita zote hasi, na kutoka chanya kolekta kilo-omu 4.7 kila moja, beisi kilo-omu 68 kila moja, na kapasita mbili za nanofaradi 10 zinazovuka kutoka kolekta ya moja hadi beisi ya nyingine. Mlio unakuwa karibu na hezi 1,000. Utoe kupitia kapasita ya nanofaradi 10 ya volti 400. Usiuweke kwenye spika yenyewe, hutasikia kitu, ni dhaifu mno. Anzia kwenye kitasa cha sauti, kisha rudi nyuma hatua kwa hatua kuelekea antena. Kwa redio ya AM mlio huu unapenya hata kwenye hatua ya kilohezi 455. Unapopotea, ubovu uko kati ya hapo na sehemu ya mwisho uliyoisikia.

Kando ya kisanduku weka vituo viwili visivyoungana na seli, kati yake rezista ya saruji ya omu 10, wati 5. Huu ni mzigo wa chaja za simu na seli. Chaja ya volti 5 itatoa ampea 0.5; ikishuka chini ya volti 4.75, ni dhaifu au waya wake ni mwembamba. Seli nzima ya 18650 inashuka chini ya volti 0.1 ukiiwekea mzigo huu; inayoshuka 0.2 haina kazi ya maana tena. Adapta ya volti 12 usiilete hapa, itatoa wati 14 na rezista itaungua. Tumia balbu ya indiketa ya pikipiki, volti 12 wati 10. Kumbuka balbu baridi inavuta mkondo mkubwa mno mwanzoni, na adapta nzima inaweza kujizima. Gusa mara mbili tatu kabla ya kuilaumu.

Vitu vyote hivi vinapatikana Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, na vinaenea kwenye kopo la plastiki na kipande cha vero bodi (ubao wenye matundu wa kulehemia). Usipime kisanduku kikiwa kwenye chaja. Upande wa umeme mkubwa wa pawa saplai ya TV si wake kabisa: kapasita ya volti 400 pale hubaki na zaidi ya volti 300. Imwage kwanza kwa rezista ya kilo-omu 2.2 ya wati 5, uishike kwa koleo lenye mpira kwa sekunde mbili, kisha uhakikishe kwa DT830. Bisibisi inatoa cheche na kuharibu pedi.

Kisanduku hakitakuonyesha kapasita iliyokauka, ile inayosoma uwezo wake vizuri lakini upinzani wake wa ndani umepanda. Kwa pawa saplai zinazowaka na kuzima, badilisha kapasita za upande wa kutolea kwa kujaribu, au nunua kipima ESR, yaani cha huo upinzani wa ndani.