Pawa stelingi inayolia na kuvuja: usikimbilie pampu

Gari la zamani likianza kunguruma kila ukikata kona, wengi watakuambia pampu imekufa. Mara nyingi bado ni nzima. Inalia kwa kukosa oili au kwa kuvuta hewa, na ukifunga mpya bila kujua oili imeenda wapi, nayo italia vilevile.

Mimi huanza na chupa ya oili. Washa injini, usikanyage mafuta, mwenzako apinde usukani kushoto na kulia huku wewe unachungulia. Ukiona povu na oili imepauka kama chai ya maziwa, kuna hewa. Kinachowachanganya watu ni kwamba hewa huingia hata pasipodondoka tone. Hozi inayotoka kwenye chupa kwenda kwenye pampu hunyonya, haisukumi, kwa hiyo klipu iliyolegea au raba iliyokakamaa kwa umri inatosha kuleta kelele zote hizo. Badilisha hozi hiyo na klipu zake kwanza. Ni kazi ndogo.

Mlio mkali wa kukwaruza masikio, hasa usukani ukifika mwisho, huo ni mkanda unaoteleza. Ukiwa umelowa oili, kuukaza hakusaidii. Sauti ya "sss" usukani ukifika mwisho ni valvu ya kupunguza presha, kitu cha kawaida. Ila usiushikilie hapo zaidi ya sekunde chache.

Kwenye kuvuja, osha kwanza. Tone lililo sakafuni halikuambii chochote, maana oili hufuata vyuma na upepo huirusha nyuma. Safisha, kausha, kisha pakaza poda ya mtoto kwenye viungio vyote. Washa, pindapinda usukani, utazame poda inaanza kulowa wapi. Kwenye hozi ya presha angalia pale raba inapobanwa na chuma. Hapo ndipo huanza kutoka jasho. Usiipapase kwa mkono injini ikiwaka. Presha humo inaweza kupita bar 70, na mchirizi mwembamba hupenya ngozi. Tumia kipande cha kadibodi. Na kama inarusha oili kuelekea ekzosi, gari lisitembee kabisa, linaweza kuwaka moto.

Kama gari lina reki (mtambo wa meno unaogeuza magurudumu), minya zile raba za pembeni: zikiwa nzito kwa oili, sili za ndani, yaani raba za kuzuia oili isitoke, zimekwisha. Mustang za miaka ya 1960 zina valvu na silinda ya pawa stelingi nje, chini ya gari, kwa hiyo lala chini utazame huko.

Oili iwe ile ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Citroën DS haina msamaha: ina oili za aina mbili, LHS nyekundu na LHM ya kijani, na kila moja huharibu sili zilizotengenezwa kwa ajili ya mwenzake. Dawa za kuzuia kuvuja huvimbisha sili tu; hozi iliyochanika haiponi.

Ukishatengeneza, toa hewa. Inua magurudumu ya mbele, weka stendi, injini ikiwa imezimwa, zungusha usukani mwisho hadi mwisho mara 20 hivi ukiongeza oili, mpaka viputo viishe. Ikiendelea kunguruma baada ya hapo, sasa fungua pampu. Kukiwa na oili nyuma ya puli (gurudumu la pampu linalozungushwa na mkanda) tu, ulizia seti ya sili kabla ya kununua pampu nzima.