Uliza Mwalimu: Kile kialama cha juu kinakaa wapi?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mchora mabango hapa Ngamiani. Mwezi uliopita mteja alinipa karatasi aliyoiandika kwa mkono wake, nimchoree bango la mgahawa wa dada zake wawili: MY SISTERS CAFE. JUICE'S, CHIP'S, SNACK'S. SUPU YA NGOMBE. ITS DELICIOUS. Nikachora vilevile, herufi kwa herufi. Bango limeshapigiliwa misumari, akatokea binti yake wa kidato cha tatu, akasema limejaa makosa, kisha akatia alama kwa penseli kabla ya S ya mwisho kwenye SISTERS. Sasa mteja hataki kunimalizia elfu thelathini zangu. Hiyo alama inakaa wapi hasa, na mwenye kosa ni nani?

Mchora mabango, Tanga

JIBU: Marahaba, fundi. Barua yako niliisoma Ijumaa, na Jumamosi asubuhi nikapanda baiskeli kutoka Chumbageni nikaja kuliona bango lenyewe kabla sijajibu. Kazi yako ni safi. Njano juu ya bluu, na kivuli cheusi upande mmoja tu wa kila herufi. Hata hizo alama umezichora zinavyotakiwa, kichwa cha mviringo na mkia uliopinda kushoto, kama mkato uliopandishwa juu. Wengi huchora kijiti tu.

Alama hiyo inaitwa ritifaa. Kwa Kiingereza kazi zake ni mbili: kushika nafasi ya herufi iliyoondoka, na kuonyesha mwenye mali. Kazi ya wingi haina. Juisi zikiwa nyingi ni JUICES, chipsi ni CHIPS, vitafunwa ni SNACKS, basi. Ajuaye Kiingereza akikuta CHIP'S anasoma "ya chipu", halafu anasubiri aambiwe ni nini cha hiyo chipu. Mteja wako asione haya sana, maana Uingereza kwenyewe kosa hili limezoeleka hadi likapewa jina, ritifaa ya wauza mboga, kwa kuwa lilionekana mno kwenye vibao vya bei vya matunda na mboga.

Kwa nini alama moja ipewe kazi mbili? Kiingereza cha kale kilionyesha mwenye mali kwa kutia -es mwishoni mwa majina mengi. Sauti ya ile e ikafifia midomoni mwa watu. Katika karne ya 16 wapiga chapa wa Kiingereza waliichukua ritifaa kutoka Ufaransa, na baadaye ikakalia pale ilipokuwa e. Kwa hiyo hata ritifaa ya mwenye mali ilianza kama ukumbusho wa herufi iliyopotea. Kwenye don't imekaa pahali pa o ya not. Kwenye o'clock imemeza maneno, maana zamani ilikuwa "of the clock". Siku ukiambiwa uchore FISH 'N' CHIPS, zitie mbili, moja kila upande wa N, kwa sababu "and" imepoteza herufi mbele na nyuma.

Sasa SISTERS, ambapo binti amekaribia sana lakini hakufika. Geuza maneno kwa Kiswahili. Ukikuta "wa", "ya", "la" au "cha" katikati, hapo pana mwenye mali: mgahawa wa dada zangu. Kisha andika jina la mwenye mali likamilike kwanza, ndipo utie ritifaa. Dada mmoja ni sister. Likishakamilika unatia ritifaa na s, sister's. Dada wawili ni sisters. Neno limekamilika na s yake imo, kwa hiyo ritifaa inakuja baada ya s, peke yake: sisters'. Alipoitia penseli kabla ya S, binti ameandika mgahawa wa dada mmoja, na wewe umeniambia ni wawili. Tofauti ya wenye mali wote imebebwa na pahali pa alama ndogo kama punje ya mchele. Kwa children na men, wingi wake hauna s, basi ni children's na men's. Wachora mabango wengi hukosea hapo.

ITS ndiyo iliyonisumbua zaidi darasani. Nimefundisha Kiingereza miaka 31, na miaka mingi ya mwanzo niliwaambia wanafunzi "mwenye mali mtilie ritifaa na s", nikaishia hapo. Wakaniandikia "the dog ate it's food", na kosa hilo lilikuwa langu kabla ya kuwa lao. Baadaye nikaanza kuwaelezea kwa "yake". Hakuna Mswahili asemaye "chakula cha chake", kwa kuwa "chake" imeshaibeba "cha" ndani. Its nayo ni hivyo, pamoja na his, hers, ours na theirs. Zimeshabeba umiliki, hazidai alama. Lakini kwenye bango mteja hakukusudia "yake". Alikusudia "it is delicious", ni tamu. I ya is imeondoka, basi lazima IT'S.

Na asikutishe mtu kwamba wenye lugha hawana hitilafu. Katika reli ya chini ya ardhi ya London kuna kituo cha Earl's Court chenye ritifaa, na jirani yake Barons Court isiyo nayo. Halmashauri ya Birmingham iliamua mwaka 2009 kutozitumia kwenye vibao vya mitaa, na duka la vitabu la Waterstones likaiondoa katika jina lake mwaka 2012. Jina la duka mwenyewe ana hiari nalo. JUICE'S si hiari, ni kosa.

Lililonichoma pale ni neno ambalo hamkulitaja, si baba, si binti, si wewe: SUPU YA NGOMBE. Hii ni lugha yetu. Katika neno hili ritifaa haifidii herufi wala haimtaji mwenye mali, inatenga sauti. Kulia ngoa ni wivu, kung'oa ni kutoa jino. Ng'ombe akiandikwa bila ritifaa anasomeka kwa sauti ya ngoma na ngalawa. Sisi watu wa Tanga tusikubali hilo ukutani kwetu.

Kuhusu fedha, aliyeandika karatasi ni mteja, nawe ulinakili. Akupe elfu thelathini zako zote, na karatasi yake ndiyo ushahidi. Nawe umrekebishie bila kumdai, maana ni vidoa sita tu. Ziondoe tatu kwenye JUICES, CHIPS na SNACKS kwa bluu ileile, mikono miwili, la sivyo njano itachungulia. Halafu utie tatu: IT'S, NG'OMBE, na SISTERS'. Hiyo ya mwisho usifuate penseli ya binti. Iweke nje, baada ya S. Nimepima kwa kidole gumba kati ya S na C ya CAFE, na nafasi inatosha.