Kwa wanaoanza kusoma nadharia ya lugha ya Hegel, mwanafalsafa Mjerumani: msiishie kwenye "Sasa ni usiku"

Wadogo zetu, rasimu zenu za insha za muhula huu zimekuja na kosa lile lile la waliowatangulia. Tulimalize kabla hamjawasilisha.

1. Mnafungua Fenomenolojia ya Roho (1807), mnakuta lile jaribio la uhakika wa hisi, yaani dai la kukijua kitu kwa kukihisi tu: andika "Sasa ni usiku", itunze karatasi, isome adhuhuri. Ukweli umechacha. Papo hapo mnahitimisha kwamba kwa Hegel lugha haiwezi kukifikia kitu kimoja mahususi, basi, sura imekwisha. Jamani! Anayeumbuka pale ni yule anayedai kukijua "hiki" bila dhana yoyote. Anataka kutaja kitu chake kimoja tu, kinywani linatoka "hiki", neno linalokaa sawa kwa mti na kwa nyumba. Hegel mwenyewe anasema kati ya alichokusudia mtu huyo na kile lugha inachosema, lugha ndiyo yenye ukweli zaidi. Imeshinda kesi, ninyi mnaiandikia hukumu ya kushindwa.

Nadharia yenyewe ya lugha imo kwenye kitabu chake kingine, Ensaiklopidia, toleo la 1830, aya 458 hadi 464, na mpangilio wake hauchezewi. Aya 458 ni ishara: kitu kinachoonekana au kusikika, kinachobeba maana isiyo yake, kama piramidi iliyohifadhi roho ngeni. Aya 459 ni lugha, sauti kwanza, maandishi baadaye. Ukifika 462, simama. Ukisikia jina "simba" na kulielewa, humhitaji simba mbele yako, wala picha yake kichwani. Tunafikiri ndani ya majina. Wengi huruka 463 wakidhani mzee amepotea njia, maana anasifia kukariri maneno bila kujali maana. Bila hatua hiyo, 464 haivuki kwenda kwenye fikra, na hoja yenu inabaki inaning'inia.

2. Msiwachanganye pia wanafalsafa waliomtangulia Hegel. Fichte (1795) haulizi swali la Herder (1772), la jinsi binadamu alivyoweza kubuni lugha kwa uwezo wake mwenyewe. Anaanzia kwenye haja ya kiumbe mwenye akili kumtambua mwenzake na kumweleza mawazo yake.

3. Metakritiki ya Hamann, inayomkosoa mwanafalsafa Kant, iliandikwa 1784, ikachapishwa 1800. Acheni kuandika kwamba Wajerumani waliisoma dukani Kant akiwa katikati ya kazi zake.

4. Nukuuni kwa namba ya aya, na kwenye Ensaiklopidia mtenganishe Maelezo, aliyoyaandika Hegel mwenyewe chini ya aya, na Nyongeza. Nyongeza za falsafa ya roho aliziunganisha mhariri Boumann mwaka 1845 kutoka kwenye daftari za mihadhara, Hegel akiwa kaburini tangu 1831.